Kila Jumamosi tunaishia kwa sisimizi

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni baba wa watoto wawili. Mkubwa ana miaka 4 na miezi 3, mdogo ana mwaka mmoja na nusu. Nimekuwa nikisoma safu yako kimyakimya kwa muda mrefu. Leo nimeona niandike kwa sababu jambo lenyewe limeanza kuleta maneno nyumbani.

Miezi mitatu iliyopita niliamua kwamba kila Jumamosi asubuhi nitatoka na watoto kutembea. Si mbali. Kuna njia ya miguu inayopita kwenye miti na vichaka, halafu inashuka hadi kwenye kijito. Mtu mzima anafika kwa robo saa. Nilikuwa nimesikia mara nyingi kwamba watoto wadogo hujifunza mengi wakitembezwa penye miti na majani, nikasema basi, hilo hata mimi naweza kuwapa wanangu. Nikajiandaa. Niliandika kwenye karatasi majina ya miti 10 niliyotaka mkubwa awe ameijua kabla ya mwezi kwisha. Nikapanga na maswali: rangi, hesabu, maumbo, mnyama gani anaishi wapi.

Mwalimu, hadi leo hatujafika kijitoni hata mara moja.

Tunatoka vizuri tu. Hatua 50 hivi tangu mwanzo wa njia kuna mahali sisimizi huvuka, na hapo ndipo safari inapokwama. Mwanangu anachuchumaa. Jumamosi iliyopita nilitazama saa: dakika 22. Aliokota kijiti akakilaza katikati ya mstari wao, akangoja, akawatazama wanavyohangaika. Tulipokuwa tumeshaondoka akarudi mbio kukiondoa. Akaniuliza, "Baba, wanajuaje njia?" Nikamwambia, "Twende, tumechelewa."

Tukisogea kidogo anaanza mawe. Anaokota, anapima uzito, anatupa, anaokota jingine. Kuna moja kubwa alilibeba kwa mikono miwili tumbo likiwa limetangulia, hatua chache likamshinda, akalitua, akachagua dogo lake. Mifuko ya kaptula inajaa hadi kaptula inashuka. Nyumbani anayapanga kwenye ngazi ya mlangoni, kuanzia kubwa hadi dogo, na siku mama yake alipoyafagia alilia kama aliyefiwa.

Nikimuuliza maswali yangu hajibu. "Jani hili lina rangi gani?" Kimya. "Maua haya ni mangapi?" Anageukia upande mwingine. Na rangi anazijua, na kuhesabu hadi 10 anajua! Hapo ndipo ninapoumia. Ni kama nikimtoa nje anajua kidogo kuliko akiwa ndani.

Mke wangu anaona tunapoteza asubuhi nzima. Mwakani mkubwa anaanza shule, na mtoto wa jirani wa umri huohuo tayari anaandika jina lake. Wa kwetu hawezi kutulia na daftari hata dakika 5. Wiki mbili zilizopita alipanda gogo lililolala kando ya njia, akateleza, akachubuka kiganja. Tuliporudi mama yake aliniuliza swali moja tu: "Sasa leo amejifunza nini?" Sikuwa na jibu.

Na huyu mdogo, nikimweka chini atembee, kila kitu kinaingia mdomoni: udongo, majani, mawe.

La mwisho naona aibu kulisema. Mimi mwenyewe nimekulia ghorofani. Ile miti 10 niliisoma kwenye simu usiku wa kuamkia safari. Ndege wakilia siwajui. Huenda kazi hii inamtaka mtu anayejua, na mimi si huyo. Niendelee, au asubuhi hiyo nimwachie mama yake na daftari?

Baba wa Wawili

* * *

Marahaba, Baba wa Wawili.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nilitamani ningekuwepo hapo njiani nimwone mwanao amechuchumaa. Endelea kutembea naye. Nalisema mapema ili usiyasome yaliyobaki kwa wasiwasi. Ila ile karatasi ya miti 10 iache nyumbani, na kijito usikifanye deni.

Unasema hukuwa na jibu mama yake alipouliza mtoto amejifunza nini. Jibu ulikuwa nalo. Umeniandikia mwenyewe kwa mkono wako, na nadhani hukulitambua kwa sababu halikufanana na ulichokuwa umekipanga.

Tuanze na kijiti. Mtoto ameona mstari wa viumbe wadogo wanaojua wanakokwenda. Akataka kujua: nikiwazibia njia, itakuwaje? Akakilaza kijiti, akangoja, akatazama. Kubadilisha kitu kimoja na kusubiri kuona kitakachofuata ndiyo kazi ya mtafiti yeyote, awe na miaka 4 au 60. Kwa umri wake hawezi kukueleza hayo kwa maneno, kwa kuwa mkono wake unauliza kabla ya mdomo. Kisha mdomo nao ukafika: "Wanajuaje njia?" Hilo ni swali zuri kuliko yote uliyoyapanga wewe, na linastahili kujibiwa.

Sisimizi aliyepata chakula, anaporudi kiotani, huacha harufu chini. Wenzake huinusa kwa vipapasio vyao na kuifuata. Kila anayepita akiwa amefanikiwa naye huongeza harufu yake, ndiyo maana mstari unazidi kukolea. Chakula kikiisha hakuna anayeongeza, harufu inapotea taratibu na njia inafutika. Hili mnaweza kulijaribu wenyewe. Mkishahakikisha kwamba hao si siafu wala aina nyingine inayouma, pitisha kidole kukata mstari wao, kama anayefuta chaki ubaoni, kisha mtulie. Wanaofika hapo watasita, watazunguka, watanusanusa, hadi mmoja apenye na njia iungane tena. Lakini usianze kwa kumweleza haya. Muulize kwanza yeye anaonaje. Watoto wamewahi kuniambia kwamba sisimizi wanashikana mikono, kwamba wa mbele anawaita wa nyuma, kwamba njia imechorwa usiku. Usicheke wala usikimbilie kusahihisha. Mwambie, "Tutajuaje kama ndivyo?" halafu mchuchumae wote wawili.

Na zile dakika 22. Mama yake analalamika kwamba mtoto hawezi kutulia dakika 5, nawe unalalamika kwamba alitulia dakika 22, na mtoto ni yuleyule. Utulivu anao. Amekuonyesha ulipo. Kukaa na jambo moja bila kuchoka, macho, mikono na mawazo vyote vikiwa mahali pamoja, ni uwezo unaokua kwa kutumiwa, na mtoto mdogo huutumia kwanza kwenye kitu kinachotembea na kinachombadilikia kila mara. Anayeondolewa kila akizama hujifunza kwamba hakuna haja ya kuzama.

Sasa kuhusu maswali yako, nisikufiche: hapo ndipo ningependa ubadilike zaidi. Mwanao hakujibu kuhusu rangi ya jani kwa sababu anajua kwamba wewe unajua. Anasikia kabisa kwamba hilo si swali, ni mtihani. Fikiria umesimama unatazama kitu kilichokushika moyo, mtu anakugusa bega na kukuuliza shati lako lina rangi gani. Ungejibu kwa shida, na pengine ungegeukia upande mwingine kama yeye.

Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu nimeyafanya. Miaka yangu ya kwanza ya kufundisha nilikuwa nawatoa watoto wawili wawili, wameshika kamba, na mimi mbele na maswali yangu. Kulikuwa na mtoto mmoja ambaye darasani hakuwa akisema kitu. Siku hiyo akaachia kamba, kwa kuwa alikuwa amegusa jongoo naye akajikunja. Mtoto akainama, akasema kwa sauti safi kabisa, "Amejificha ndani yake mwenyewe." Ilikuwa sentensi ya kwanza kamili niliyoisikia kutoka kwake. Na mimi nikamshika mkono nikamvuta, tusichelewe kwenye mti niliokuwa nimeupangia somo. Mti huo hata siukumbuki. Sentensi ile naikumbuka hadi leo, na ninajua kwamba kama ningechuchumaa naye dakika moja huenda ingefuatwa na ya pili.

Kwa hiyo, badala ya kuuliza, sema unachokiona. "Huyu amebeba kitu kikubwa kuliko yeye." Kisha nyamaza. Ukimya baada ya maneno hayo una kazi yake, maana unampa mtoto nafasi ya kuongeza la kwake. Akisema, "Anapeleka nyumbani," wewe umjibu kuhusu hiyo nyumba, si kuhusu jambo lako. Maswali hayakatazwi, ila uliza yale ambayo kweli hujui jibu lake. Mtoto huyatambua mara moja.

Hapa niseme kidogo juu ya lugha, kwa sababu wazazi wengi hudhani lugha inakaa kitabuni. Msikilize mwanao huko njiani. Jiwe hili, mawe haya. Kijiti hiki, vijiti hivi. Unyoya huu, manyoya haya. Hakuna aliyemkalisha chini kumfundisha ngeli, lakini kitu kikiwa mkononi, jina na upatanisho wake huingia pamoja, na vikiingia hivyo havitoki. Sisimizi ameanguka, jani limeanguka: sikio lake linajifunza kwamba kiumbe anayejisogeza hasemwi kama kitu kinachosukumwa na upepo. Halafu kuna mti, ambao nao uko hai, na una njia yake: umeota, umepinda, umeanguka. Siku moja atakuuliza mti uko hai au hauko hai, kwa kuwa hauendi popote. Jiandae, maana hayo ni mazungumzo ya wiki nzima.

Kuna na maneno ambayo ndani ya nyumba hayana pa kushika. Gome linaparuza. Tope linanata. Jani bichi linapinda, kavu linavunjika. Udongo wa jana ulikuwa tifutifu, leo mvua imenyesha umekuwa tepetepe. Jiwe limetumbukia kwenye dimbwi, chubwi! Mbele, nyuma, chini ya, katikati, kando, ng'ambo: mwili wake ukiwa umepita chini ya tawi, "chini ya" haihitaji picha.

Nayageukia mawe, na hapa naomba umsomee mama yake, kwa sababu swali lake ni la haki. Anataka mtoto asiachwe nyuma. Mimi pia nataka hivyo.

Mtoto aliyepanga mawe kuanzia kubwa hadi dogo amefanya hesabu ngumu kuliko kutaja moja hadi kumi. Kutaja namba kwa mfuatano kunaweza kuwa wimbo tu. Kupanga kunamtaka alitazame kila jiwe mara mbili: ni dogo kuliko hili, na hapohapo ni kubwa kuliko lile. Mtoto aliyezoea hilo kwa mikono, akiambiwa baadaye kwamba 7 ni kubwa kuliko 6 na ni ndogo kuliko 8, atakuwa anapewa jina la kitu anachokifahamu. Na lile jiwe lililomshinda, akalitua na kuchagua jingine, lilimfundisha uzito, lakini pia lilimfundisha kupima nguvu zake na kubadili shauri bila mtu mzima kumwambia. Ndiyo maana alilia mawe yalipofagiwa. Zilikuwa kazi zake. Mtafutieni boksi au kona moja ya kuyaweka, mkubaliane idadi, na yakizidi achague yeye yapi yarudi nje.

Kuhusu kuandika jina: herufi huandikwa na vidole, lakini vidole vinabebwa na kiganja, kiganja na kiko cha mkono, kiko na bega. Mtoto ambaye bega lake halijapata nguvu huchoka na kalamu upesi, huibana kwa ngumi, hulala mezani, kisha tunasema ni mvivu. Kubeba jiwe, kuvuta tawi, kujishika kwenye gogo asiteleze, vyote vinajenga bega na kiko. Kuokota mbegu ndogo kwa kidole gumba na cha shahada ni mshiko uleule wa kalamu. Simwambii mama yake aache daftari. Namwomba mbadilishe mpangilio: kwanza njia, halafu mkirudi, mikono imenawa, mpeni karatasi achore sisimizi wake. Mstari mrefu atakaouchora na vidoti vyake, huku akikueleza nani anakwenda wapi, ni mwanzo wa maandishi, kwa sababu ana jambo la kusema. Muandikieni jina lake chini ya mchoro. Atataka kuliandika mwenyewe.

Wala si mawazo mapya haya. Friedrich Froebel alianzisha shule yake ya watoto wadogo Ujerumani mwaka 1837, na mwaka 1840 akaipa jina ambalo maana yake ni bustani ya watoto. Bustani ilikuwepo kweli, na kila mtoto alikuwa na kipande chake cha kulima na kukitazama. Huko Denmark, mwanzoni mwa miaka ya 1950, mama mmoja aitwaye Ella Flatau aliwalea watoto kwa kuwapeleka msituni siku hadi siku, na mtindo huo ukaenea nchi nyingine. Sisi kwa Kiswahili shule hizi tuliziita za vidudu. Jina hilo nalipenda sana. Nikilisikia nawaona wamechuchumaa.

Mwili nao unadai haki yake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linataka mtoto wa miaka 3 au 4 achangamshe mwili angalau dakika 180 kwa siku, na 60 kati ya hizo ziwe za kuhema. Macho pia. Katika mji wa Guangzhou, China, watafiti waliwaongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule. Baada ya miaka mitatu, katika kila watoto 100 waliokuwa wakitolewa nje, takriban 30 walikuwa na tatizo la kutoona mbali, na kwa wale wasioongezewa muda walikuwa karibu 40. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2015. Mwanga wa nje, hata siku ya mawingu, unaupita mara nyingi ule wa chumbani, na inaaminika kwamba ndio unaozuia jicho linalokua lisirefuke kupita kiasi.

Gogo. Kiganja kimepona, nina hakika, na sishangai mama yake alikasirika, maana wewe ndiye uliyekuwepo. Lakini usilifunge gogo. Sakafu ya nyumbani ni tambarare, haimuulizi mtoto lolote. Ardhi yenye mizizi na mawe inaulazimisha mguu, goti, macho na kile kiungo cha usawa kilicho ndani ya sikio vishauriane kila hatua. Mimi huzitenganisha hatari mbili. Kuna ile anayoiona: gogo lina urefu huu, ni la kuteleza au la. Hiyo muache aipime, wewe ukiwa karibu. Na badala ya kupiga kelele "Utaanguka!", ambayo humshtua na kumfanya aanguke kweli, muulize, "Mguu wako wa pili utaukanyagisha wapi?" Kisha kuna hatari asiyoiona, na hiyo ni yako peke yako: mbao iliyooza ndani, kiota cha nyigu, miiba, nyoka, maji. Pita wewe kwanza. Mfundishe kwamba mkono hauingii shimoni, jiwe linageuzwa kwa kijiti, na hakuna tunda wala uyoga wa kutiwa mdomoni bila wewe. Jongoo hang'ati, ila majimaji yake huwasha macho, kwa hiyo akimgusa asijipanguse usoni. Tandu anauma: kila pingili ya mwili wake ina jozi moja ya miguu, nyingi za jongoo zina jozi mbili. Kulijua hilo kutakufaa, na mkubwa atalipenda kupita kiasi. Mwambie pia kwamba mwaka 2021 wanasayansi walitangaza jongoo wa Australia aliyehesabiwa miguu 1,306.

Siku mtakapofika kijitoni, mdogo awe mahali unapoweza kumshika kwa kunyoosha mkono tu, tangu mnafika hadi mnaondoka. Mtoto wa umri wake huzama kwenye maji machache, na huzama kimya.

Huyo mdogo hana utovu wa adabu. Mdomo wake bado ni kiungo chake cha kujulia vitu, umejaa hisia kuliko vidole vyake. Mawe ya kumkaba na chochote usichokijua mtoe, umpe badala yake kitu cha kushika: kijiti kinene, jani kubwa, ua. Udongo asiule, kwa sababu unaweza kuwa na mayai ya minyoo, na mikono inawe kabla ya kula. Lakini kuuchezea muache. Finland walitandaza udongo wa msituni na nyasi kwenye viwanja vya baadhi ya vituo vya kulelea watoto, wakawafuatilia watoto 75 wa miaka 3 hadi 5 kwa siku 28. Waliochezea viwanja hivyo walikutwa na aina nyingi zaidi za bakteria kwenye ngozi, na damu yao ilionyesha dalili za kinga ya mwili inayojiongoza vizuri zaidi. Utafiti huo ulitoka mwaka 2020.

Imebaki aibu yako. Umekulia ghorofani, ndege huwajui. Sasa sikiliza: mtoto akisikia baba anasema "Sijui, ebu tumtazame tena," anajifunza kwamba kutojua si mwisho wa jambo. Wale wanaojua majina yote huwa na kishawishi cha kulitaja na kuendelea na safari, na jina likishatajwa kutazama kunakoma. Mkiona ndege, mpeni jina lenu kwanza: yule wa mkia mrefu, yule anayelia kama mlango unaofunguka. Mkirudi ndipo mtafute jina lake kwa pamoja. Kufikia mwezi wa pili mtakuwa na ndege sita mnaowatambua kwa sauti, nawe utakuwa umejifunza sambamba na mwanao, jambo ambalo watoto hulifurahia kuliko kufundishwa.

Jumamosi ijayo mwombe mama yake aje. Usimwambie aje kuona mtoto anavyojifunza, mwambie tu aje. Nendeni bila kupanga kufika. Hapo penye sisimizi mkae wote wanne, simu zikiwa mfukoni, na mumwache mkubwa awaonyeshe.

Na kuna jambo moja katika barua yako limenikaa moyoni tangu nilipoisoma. Mlikuwa mmeshaondoka, halafu akarudi mbio kukiondoa kile kijiti. Sijui ni huruma, au alitaka kuona njia ikiungana tena, au ni kitu kingine ambacho sisi wakubwa hatuwezi kukifikiria. Muulize kwa nini alirudi. Akikujibu, niandikie.